Benchi la Kurudia

Wapaka rangi wa majengo marefu walikuwa wakivaa viatu wamesimama. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na chumba cha kubadilishia nguo kilinuka rangi ya mafuta, jasho la juzi na sabuni ya unga. Mmoja alishika ukuta akihangaika kuingiza kisigino, mwingine alimwegemea mwenzake begani, wa tatu alirukaruka kwa mguu mmoja mpaka akagonga kabati. Chini ya dirisha, sakafuni, palibaki madoa ya mviringo, meupe kuliko saruji nyingine, pale miguu ya benchi ilipokuwa imesimama kwa miaka. Benchi lenyewe liliondolewa wakati binti wa Mzee Moja yuko likizo ya uzazi.

Binti huyo ndiyo kwanza alikuwa anarudi kazini siku hiyo. Aliingia na ovaroli mkononi, akaenda moja kwa moja dirishani kukaa, akakuta hapakaliki.

"Baba, benchi liko wapi?"

"Wamelichukua," alisema Mzee Moja, akijifanya anatafuta kofia yake, ambayo alikuwa ameivaa.

"Wamelipeleka wapi?"

"Hata sijui. Vaa mwanangu, nyapara anakuja."

Binti alivaa. Alikuwa mtu wa kucheka ovyo, mwepesi wa mikono, na wenzake walimpokea kwa kelele, kila mmoja anataka kuona picha ya mtoto kwenye simu. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi na uso wa kukasirika. Baba yake hakusogea kutazama picha. Alijua benchi limeondoka kwa sababu gani.

Inabidi kwanza tueleze habari ya maisha, maana bila hiyo benchi ni ubao tu.

Kampuni ile ilikuwa na swali moja la maana kwenye usaili. Hawakuuliza vyeti, hawakuuliza kama unaogopa kimo. Waliuliza: utotoni ulicheza gemu zipi? Waliokulia kwenye gemu za zamani, zile za mashine kubwa za kutumbukiza sarafu na zile za kaseti za kupuliza vumbi, walikuwa na maisha matatu. Gemu hizo hazikuwa na huruma na mtu. Unapewa matatu, ukiyamaliza unaondoka kitini umpishe mwenzio, na hakuna wa kumlalamikia. Kwa hiyo watu hao wakifa waliinuka pale pale walipofia, wakapepesa kidogo kama taa yenye waya mbovu, wakaendelea na kazi. Mara ya tatu hawakuinuka.

Waliokulia kwenye gemu za siku hizi hawakuwa na idadi. Nazungumzia zile ndogo, zinazotengenezwa na mtu mmoja au wawili chumbani kwao bila kampuni kubwa nyuma yao, zenye muziki wa taratibu na rangi za kufifia. Karibu zote zina mahali pa kupumzikia: kiti, kitanda, moto wa kuota. Ukikaa pale, kigurudumu kidogo kinazunguka pembeni, na safari yako imeseviwa. Ukifa baadaye, unaamka pale ulipokaa mara ya mwisho, ukiwa vile vile ulivyokuwa, na yaliyotokea katikati yanakuwa hayakukupata. Vijana wa kampuni ile walikuwa hivyo hivyo. Mahali pao palikuwa benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Wakikaa pale, kigurudumu cha mwanga kilizunguka juu ya bega la kushoto, kikazimika, wakainuka.

Na asiyecheza gemu yoyote alikufa mara moja. Mke wa Mzee Moja hakuwahi kushika hata pedi ya kuchezea gemu maishani mwake. Alikufa kwa homa, Alhamisi moja, basi.

Kampuni iliwapenda vijana kupita kiasi. Mikanda ya usalama inachelewesha kazi: kuikagua, kuifunga, kuifungua kila unapohama dirisha. Basi mikanda ikabaki kwa wazee, hasa wale waliobakiza moja, kwa sababu mzee akifa moja kwa moja wanakuja wakaguzi na kazi inasimama. Vijana walipanda hivi hivi. Akianguka mmoja, ndoo yake haijagusa chini yeye ameshaamka kwenye benchi, anatafuta kofia, anauliza leo siku gani. Nyapara hakuona ubaya wowote. Aliwaambia wageni kuwa kampuni yake haijawahi kupoteza kijana hata mmoja, na ilikuwa kweli.

Mzee Moja aliitwa hivyo kwa sababu ndilo alilobakiza. La kwanza lilimtoka alipoteleza kwenye ngazi enzi za ujana. La pili lilichukuliwa na waya wa umeme uliojificha nyuma ya bango, na siku hiyo alipepesa muda mrefu kidogo, wenzake wakamtania kuwa wakati huo angeweza kulala juu ya misumari, maana anayepepesa hadhuriki. Tangu hapo alifunga mkanda mara mbili na kupanda kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Alijivunia woga wake. Alisema ndio uliomlea.

Nyumbani, hili lilikuwa gumzo lisiloisha kati yake na mkwe wake, mume wa binti. Mkwe alikuwa mtengenezaji wa gemu. Alifanya kazi peke yake kwenye meza ya jikoni, kompyuta mbele, sufuria nyuma, na kwa miaka sasa alikuwa anatengeneza gemu moja tu, kuhusu mwanamke anayepanga vyombo vya marehemu mama yake. Mzee Moja alikubali kuijaribu Jumapili moja.

"Adui yuko wapi?" aliuliza.

"Hakuna adui, Mzee."

"Nikimaliza kupanga vyombo je?"

"Unakaa kwenye kiti. Unapumzika."

"Nikivunja sahani?"

"Sahani inarudi."

Mzee Moja aliweka pedi mezani. "Mkwe, hii siyo gemu, hii ni kazi ya nyumbani. Gemu zetu zilikufundisha kuogopa. Shimo ulilijua kwa sababu lilikuua."

"Zenu ziliwaua haraka ili mtumbukize sarafu nyingine," alisema binti yake kutoka kwenye karai la vyombo. "Hiyo nayo ni elimu?"

Mzee Moja akasema chai imepoa.

Sasa tuje kwenye mkutano ulioondoa benchi. Siku ya mwisho ya binti kabla ya likizo, nyapara aliwakusanya wapaka rangi wote kwenye chumba cha kubadilishia nguo kulalamika kuhusu benchi. Alisema vijana wanakaa mno. Wanakaa asubuhi, wanakaa wakishakula, wanakaa wakipata habari njema. Juzi tu mmoja alishuka kutoka juu kabisa kwenda kukaa, eti kwa sababu mchumba wake ameandika kwenye simu kuwa amekubali, na hataki kulisahau hilo akianguka. Foleni ya kukaa inafika mlangoni. Nyapara akamgeukia Mzee Moja. "Kwani nyie wazee mnakaa?"

Mzee Moja alipenda kuchekesha watu, na hilo ndilo lililomponza. "Sisi tulipanda bila kukaa," alisema. "Hawa wapeni na mto, wapeni na blanketi, wakifika ghorofa ya tatu muwaimbie walale."

Watu walivunjika mbavu. Binti yake ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, tumbo limebana vifungo vya ovaroli, kigurudumu kikimzunguka begani. Nyapara hakucheka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa ushauri wa bure. Wiki haikwisha, benchi likaondoka.

Mwanzoni Mzee Moja alijifariji. Aliwaza kuwa binti yake akianguka atamsahau mtoto, na hilo peke yake lilimnyima raha. Lakini atamjua upya, alijiambia. Watu wanajuana upya kila siku. Aliyatafuna maneno hayo Jumatatu nzima, na jioni aliporudi alimkuta mjukuu kwenye mikono ya baba yake, anapiga chafya, akaona kweli, mtoto kama huyu utamjua upya tu.

Jumanne mchana ndipo alipozungumza Jino. Jino alikuwa kijana mmoja kwenye kikosi, na jina lake lilitokana na hadithi aliyokuwa akiisimulia kila akipata wasikilizaji, mdomo umejaa chakula. Aling'olewa jino. Mkewe akaliweka kwenye glasi juu ya kabati, wanaligombania, huyu anataka litupwe, huyu libaki. Kabla hajapata nafasi ya kukaa kwenye benchi, akaanguka. Akaamka, jino liko mdomoni, linauma vile vile, na ya glasi akasimuliwa na mkewe!

"Na lile la kwenye glasi?" aliuliza Mzee Moja. Alikuwa ameicheka hadithi hii mara nyingi na hakuwahi kuuliza hilo.

"Glasi ilikuwa tupu, Mzee. Lingekuwepo vipi tena? Jino ni lile lile moja. Nilipokaa lilikuwa mwilini mwangu, limerudi mwilini mwangu."

Mzee Moja alifunika chakula chake. Binti yake alipokaa kwenye benchi kwa mara ya mwisho, mtoto alikuwa mwilini mwake.

Alimwambia mkwe jioni ile jikoni, kwa sauti ya chini, wakati binti anaoga. Mkwe alikuwa amempakata mtoto huku anabofya kompyuta kwa mkono mmoja. Aliacha kubofya. Hakuuliza maswali, maana hiyo ilikuwa kazi yake, na aliielewa kuliko yeyote.

"Gemu haiachi kitu kimoja kikae sehemu mbili," alisema. "Ukirudi nyuma, inafuta. Hata mimi nimeiandika hivyo hivyo." Akamtazama mtoto, kisha akamsogeza karibu na kifua, kama vile kulikuwa na mtu anayetaka kumchukua.

Walimweleza binti alipotoka bafuni. Alisikiliza, taulo kichwani, maji yakimtiririka shingoni.

"Sitaanguka," alisema mwisho.

"Mwanangu, hakuna aliyewahi kupanga kuanguka."

"Basi mnataka niache kazi? Tule nini, sahani zinazorudi?" Akaona uso wa mumewe, akajuta. "Samahani, Baba Kichanga. Naogopa tu. Naogopa sana, sitaki hata kulisikia." Akamchukua mtoto akamnyonyesha mpaka akalala. Gemu ya vyombo ilikuwa haijauzwa hata nakala moja, na wote watatu walilijua hilo.

Asubuhi iliyofuata Mzee Moja alimfuata nyapara akaomba mkanda mmoja.

"Wako umekatika?"

"Siyo wangu. Wa binti."

"Mikanda ni ya wenye moja. Binti yako ana mangapi?" Nyapara hakuwa anakejeli, alikuwa anataka kujua.

"Hayana idadi."

"Sasa nimfunge kamba mtu asiyekufa?"

"Ana mtoto mchanga, bosi."

"Hongereni," alisema nyapara, na akampa mkono.

Mzee Moja alijaribu kumvisha binti mkanda wake mwenyewe. Nyapara akaona, akamwamuru auvae, maana wakaguzi wangemkuta mzee wa moja hana mkanda kazi ingefungwa. Kwa hiyo alipanda amefungwa mara mbili, na ukuta wa jirani binti yake alipanda na ndoo.

Siku hiyo hiyo mkwe alikuja na benchi. Alikuwa amepima madoa ya sakafuni kwa picha aliyotumiwa na mkewe Jumatatu, akagonga mbao usiku kucha, na kusema kweli lilikuwa zuri kuliko lile la zamani. Wakati wa mapumziko vijana wote walisimama wakilitazama. Binti alikaa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Walisubiri kigurudumu, hakikutokea. Alijisogeza kulia, akajisogeza kushoto. Alisimama akakaa tena. Kijana mmoja alilia, akasema tangu benchi liondoke amejifunza kuendesha gari na mama yake amepona, na yote hayo yanaweza kupotea.

"Mahali pa kurudia panachaguliwa mapema," alisema mkwe, akilibeba benchi lake. "Siyo kila kiti ni kiti."

Alasiri Jino alianguka, wa kwanza tangu benchi liondoke. Ilikuwa kwenye kona ya jengo, upepo kidogo tu, mtu anapiga mluzi, kisha mluzi haupo. Wote waliangalia chini, ndoo ikatua peke yake. Muda si mrefu Jino alirudi kwa miguu kutoka upande wa mjini, ameshika shavu, akilaani. Lile jino alilong'olewa upya mwezi uliopita lilikuwa limerudi tena. Ila alikuwa na habari. Hakuamka hapa. Ameamka makao makuu ya kampuni, kwenye chumba cha mapokezi, ubavuni mwa mteja mwenye tai. Benchi limepigwa vanishi, limewekewa mto, na sasa ni la wageni.

Mzee Moja nusura amkumbatie.

Alhamisi mchana baba na binti walikimbia mpaka makao makuu, wakiwa na ovaroli zao. Mlango ulikuwa wa kioo. Benchi walilitambua hata kabla ya kuingia. Mwanamke mmoja mnene alikuwa amelikalia anakunywa maji kwa glasi, na nafasi iliyobaki ingetosha watu wawili. Mlinzi aliwazuia hatua chache tu kutoka hapo.

"Wapaka rangi hawakai," alisema. "Ni amri ya jana. Mwenzenu aliwatokea wageni ghafla, na matusi juu."

"Kaka, nikae kidogo tu," alisema binti. "Hata nisiegemee."

"Ukikaa wewe watakuja wote."

"Nina mtoto mchanga. Nikianguka kabla sijakaa, anafutika." Aliyasema hayo waziwazi, mbele ya wageni, na mwanamke mnene alisogea kidogo kumpisha. Mlinzi akasimama katikati. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa kwenye kamera iliyo juu ya mlango.

"Dada, utanifukuzisha kazi," alisema. "Na mimi nina moja."

Mzee Moja alielewa jibu hilo kuliko lolote aliloambiwa wiki ile. Akamshika binti yake kiwiko. Walipokuwa wanatoka, dada wa mapokezi aliwafuata mpaka nje, akijifanya anatupa taka. Aliwaambia Jumamosi mchana ofisi inafungwa, mlinzi anakwenda kula, na yeye anabaki na funguo. Waje, akae anavyotaka, hata alale. Binti alimshika mikono yote miwili. Ilibaki Ijumaa tu.

Ijumaa ile Mzee Moja hakupaka ukuta wa maana. Alipitisha brashi pale pale mpaka rangi ikatiririka, shingo imegeukia upande wa pili, ambako binti yake alisimama kwenye jukwaa la kuning'inia, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, kama alivyomfundisha. Kila alipoinama, brashi ya baba yake ilisimama. Kila aliponyoosha mkono kufikia kona, alijikuta naye ameshika kamba yake kwa nguvu mpaka vidole vinauma. Alimwita mara kwa mara bila sababu. "Uko salama?" "Niko salama, Baba, niache nifanye kazi!" Hapakuwa na upepo. Chini, watu walinunua matunda na kugombana kuhusu mahali pa kuegesha gari. Mzee Moja aliwaza kuwa kwenye gemu zake za zamani mwisho wa hatua ulikuwa na muziki wa kasi, ukajua hapa ndipo penye hatari. Leo hakusikia kitu, na ukimya huo ulimtisha zaidi.

Saa ya kufunga kazi ilikaribia. Nyapara alipiga filimbi wakusanye vyombo. Binti alifunika kopo, akalitazama jua, akacheka peke yake. Ilikuwa saa ya kunyonyesha, na maziwa yalimtoka kama yalivyomtoka kila siku saa ile, yakalowesha ovaroli kifuani. Aliinama kuchukua kitambaa ajifute. Kisigino kilikanyaga rangi mbichi.

Hakupiga kelele. Baba yake alimwona akienda chini, uso wake juu, akimtazama yeye, mdomo ukiwa unasema kitu ambacho hakikufika. Kabla ya ghorofa ya kwanza hakuwepo. Kopo lilitua. Kitambaa kilikuja nyuma taratibu, kikakwama kwenye bango.

Mzee Moja aliteremka bila kujua ameteremkaje. Akapiga simu nyumbani. Mkwe alipokea.

"Nilikuwa nimempakata," alisema. "Mzee, bado nimekaa hivyo hivyo. Mikono yangu bado iko hivyo hivyo."

Kwenye mapokezi ya makao makuu, binti aliamka anacheka. Alicheka kwa nguvu, mkono juu ya tumbo lake kubwa, vifungo vya ovaroli vimembana, machozi ya kicheko yakimtoka. "Eti muwaimbie walale!" alisema, kisha akaona mapazia, na mlinzi, na mto chini yake. Kicheko kikamwishia kidogo kidogo. Baba yake alipofika alimkuta nje, ukutani, maana mlinzi alikuwa amemwomba ainuke.

"Nimeanguka," alisema. "Leo siku gani?"

Baba yake akamwambia. Binti akahesabu kwa vidole, akafika mwisho wa vidole, akatazama tumbo.

"Alikuwa ameshazaliwa?"

"Alikuwa ameshazaliwa."

"Mzima?"

"Mzima. Wa kike. Ana nywele, na ana hasira." Mzee Moja alilia pale barabarani, watu wakipita. "Nisamehe, mwanangu. Tulimzoea. Ana jina."

Binti aliweka mkono mdomoni mwa baba yake, kwa haraka, lakini bila ukali. "Usiniambie," alisema. "Nitampa mwenyewe."

Jumamosi hawakwenda popote. Dada wa mapokezi aliwasubiri na funguo mpaka akachoka, lakini kukaa kusingewasaidia tena. Nyumbani, binti alikuta nguo za mtoto kwenye kamba, zimefuliwa, akazishika moja moja, na mumewe akazitoa kwenye kamba zingali mbichi kwa sababu hakuweza kuzitazama. Alipomwuliza uchungu ulikuwaje mara ile, mumewe alisema ulikuwa wa kawaida. Ukweli ni kwamba ulikuwa wa siku mbili, na mkunga alishukuru Mungu kwa sauti. Mkwe hakulala, na asubuhi alifungua gemu yake akajaribu kuifanya sahani isirudi, kisha akajaribu kuifanya irudi bila kufuta chochote. Hakuweza lolote kati ya hayo.

Jumatatu binti alikwenda kuomba likizo ya uzazi, baba yake ubavuni. Nyapara alimpisha kiti chake mwenyewe, maana alikuwa mtu wa adabu, na akampa maji.

"Likizo ya mimba hii ulishachukua," alisema. "Ukaimaliza, ukarudi. Kila mtu alikuona."

"Mimi sikuiona," alisema binti.

"Nakuelewa. Lakini kampuni ilikaa bila wewe siku zote zile. Siku hizo hatukurudishiwa."

"Basi achanganye rangi chini, kama alivyofanya kabla ya likizo," alisema Mzee Moja.

"Chini kuna mtu tayari."

Mzee Moja alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameifikiria hoja moja tangu Ijumaa, aliigeuza akaipiga msasa, na aliamini haina tundu. "Bosi, mkanda ni wa mwenye moja. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Huyu aliye tumboni hajacheza gemu yoyote. Wala ya zamani, wala ya sasa. Kwa hiyo ana moja."

Nyapara aliwaza. Aliwaza kwa dhati kabisa, akitazama tumbo la binti, na kwa muda mfupi Mzee Moja alimwona kama mtu anayeweza kukubali.

"Hiyo ni kweli, Mzee," alisema nyapara. "Lakini mkanda ni wa mfanyakazi. Huyo bado hatujamwajiri."

Akapiga filimbi. Binti alimaliza maji, akashukuru, akachukua ndoo yake. Jukwaa lilipoanza kupanda, baba yake alikuwa kwenye jukwaa la jirani, amefungwa mara mbili, na mjukuu wake alikuwa anapiga teke upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu, pale pale alipokuwa akipiga mara ya kwanza.